Rangi za Bendera Mashavuni mwa Watoto

Maneno ya kikundi cha wauguzi wa jumuiya kwa waliojitolea kuchora watoto siku ya Uhuru



Mwaka jana, tarehe 9 Desemba, foleni ndefu kuliko zote ukumbini haikuwa ya pilau. Ilikuwa ya watoto kuchorwa bendera shavuni. Wengi wamezaliwa hapa hapa London, Tanzania wanaijua kwa sauti ya bibi kwenye simu, na siku ile waligombania kijani, njano, nyeusi na buluu. Sisi wauguzi tulikuwepo, sahani mkononi, tunafurahi. Hatukuangalia kwamba sponji ni moja na kopo la maji ni moja, tangu mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Siku chache baadaye mama mmoja akatupigia simu: shavu la mwanawe lina vidonda vyenye gamba la rangi ya asali. Akapiga na wa pili. Hatuwezi kuapa kwamba vilitoka kwenye sponji ile, lakini vidonda vya namna hiyo husambaa kwa kugusana na kwa vitu vya kuchangia, na tuliosomea mambo haya ni sisi.

Kwa hiyo tulipowasikia baadhi yenu mkisema kuchora kuachwe kabisa, tuliwaelewa. Hata hivyo tunaomba kusiachwe. Kuchorwe vizuri.

Kila mtoto na sponji yake. Sponji 20 zikikatwa katikati zinatosha watoto 40, na ikishagusa uso inaingia kwenye mfuko wa kufuliwa, hairudi kwenye rangi. Brashi zioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kati ya mtoto na mtoto. Maji yakifanana na ya kuoshea mchele, yamwageni. Mchoraji asafishe mikono kila anapobadilisha mtoto. Walio chini ya miaka 3 tusiwachore usoni. Ngozi yao bado laini mno, na mikono yao haikai mbali na macho na mdomo.

Kabla ya kuchovya brashi, mtazame mtoto: malengelenge mdomoni, macho mekundu yenye tongo, choa, kidonda kibichi, pumu ya ngozi iliyowaka. Desemba hii hata mashavu mazima yamepasuka kwa baridi. Muulizeni mzazi kama rangi au sabuni yoyote imewahi kumdhuru mtoto.

Hapa ndipo penye kazi. Mama amesimama nusu saa, nyuma yake wamejaa shoga zake. Ukimwambia kwa sauti kwamba mwanawe ana choa, umemwaibisha, na mwakani humwoni. Msogelee, sema taratibu: "Dada, naona shavu limechubuka, leo tuliache lipumzike." Kama ni mchubuko tu, mchoreni mkononi penye ngozi nzima. Kama ni cha kuambukiza, hata mkononi hapana. Mpeni bendera ya karatasi apeperushe. Tumeomba bendera hizo ziwe nyingi, mtoto asijione ametengwa peke yake.

Sasa, piko. Mwaka jana rangi nyeusi iliisha, na ndugu yetu mmoja kwa nia njema akatoa piko kwenye mkoba. Bahati akazuiwa. Wengine wetu tumekulia Pwani, tumepakwa piko harusini, kwa hiyo hatumcheki mtu. Lakini hina ni majani, na huacha rangi ya kahawia au nyekundu. Inayotoka nyeusi tii kwa muda mfupi kwa kawaida ni dawa ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Sheria ya Uingereza inairuhusu kwenye dawa za nywele kwa kiwango maalumu, hairuhusu kupakwa kwenye ngozi. Inaweza kuleta malengelenge na kovu. Baya zaidi, mwili ukishaikataa hausahau: binti aliyepakwa akiwa na miaka 7 anaweza kupaka dawa ya nywele ukubwani, uso ukavimba hata pumzi ikawa shida. Mstari mweusi wa bendera haustahili gharama hiyo. Safari hii tumenunua nyeusi za ziada.

Rangi za darasani nazo zibaki darasani. Kopo likiandikwa kwamba halina sumu, maana yake si kwamba limetengenezwa kwa ajili ya uso. Tafuteni rangi iliyouzwa kama kipodozi, yenye orodha ya viambato na anwani ya anayewajibika nayo. Vumbi la kumetameta la kadi za Krismasi msilisogeze karibu na macho, linakwaruza.

Rangi itolewe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua.

Asubuhi ya sherehe tutakuwa jikoni mwa ukumbi saa tatu, tunakata sponji. Njooni na mikasi yenu. Ule wa jumuiya haukati hata karatasi.