Kizunguzungu Kinachotibiwa kwa Kulala na Kugeuzwa



Juma hili naomba tuzungumze juu ya kizunguzungu. Sikusudii kile cha njaa wala cha homa. Nakusudia kile kinachomvamia mtu anapogeuka kitandani, anapoinuka alfajiri, au anapoinua uso kutazama juu. Nyumba inazunguka, tumbo linachafuka, naye anashika ukuta asianguke. Kabla dakika haijakwisha kimetulia, mpaka atakapogeuza kichwa tena.

Hapa Tabora jambo hili si dogo. Mji wetu ulikuzwa na watu wa vichwa na mabega imara. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi, pembe za ndovu zikiwemo, kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo. Hata leo yupo mama mwenye ndoo kichwani, na yupo mrina asali anayepanda mti kuufuata mzinga. Mtu wa kazi hizo, dunia ikimzunguka kwa nusu dakika tu, yatosha kumvunja shingo.

Namfahamu mzee mmoja wa upande wa Sikonge. Kila alipotazama mzinga juu ya mti, anga lilizunguka. Akaacha kurina kwa misimu miwili. Aliambiwa ni presha, akameza vidonge, hali ikabaki ile ile. Hapo maneno yakaanza: huyu amechezewa. Kidole kikamwelekea bibi mmoja jirani. Ndugu zangu, nyote mnajua kwamba katika mikoa yetu ya magharibi vikongwe wamepata kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Kumbe mchawi mwenyewe alikuwa chembe ndogo ya chokaa. Ndani kabisa ya kila sikio mna mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji. Hiyo ndiyo inayoiarifu akili kwamba kichwa kimegeuka. Pembeni yake pana kifuko chenye chembechembe za chokaa. Kwa uzee, au kwa kupigwa kichwani, na mara nyingine bila sababu inayojulikana, chembe hubanduka na kuingia katika mrija. Ukigeuza kichwa zinaporomoka, zinasukuma majimaji, na akili inadanganywa kwamba ungali unazunguka.

Sasa, kilichoingia kwa kuporomoka kinaweza kutolewa kwa kuporomoshwa. Hayo ndiyo mawazo ya Daktari John Epley wa Portland, Marekani. Alipowaonyesha wenzake mwaka 1980, wengi hawakumwamini. Makala yake ilichapishwa mwaka 1992, na leo njia yake inatumika duniani kote.

Kwanza tabibu hukulaza chali kwa ghafla, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, kisha upande wa pili, huku akitazama macho yako. Upande unaoleta kizunguzungu na macho kuchezacheza, huko ndiko kwenye sikio bovu.

Tuseme ni la kulia. Unaketi kitandani, miguu imenyooka. Uso unageuzwa kulia, nusu ya njia ya kufikia bega. Unalazwa chali, kichwa kikining'inia kidogo. Kizunguzungu kitakuja, usiogope, fumbua macho. Subirini kitulie, nusu dakika hadi dakika moja. Kisha kichwa kinageuzwa kushoto kiasi kile kile. Mnasubiri tena. Halafu mwili mzima unageukia ubavu wa kushoto, pua ikielekea sakafuni. Mnasubiri. Mwisho unainuliwa taratibu, ukae. Basi! Hapana kisu wala sindano, na dakika tano hazijaisha. Wengi hupona siku hiyo hiyo, wengine hurudiwa mara mbili tatu. Kikirejea baada ya miezi, tiba ni hiyo hiyo.

Lakini sikilizeni vizuri. Mara ya kwanza fanyiwa na anayejua, hasa kama shingo yako ina maradhi. Na kizunguzungu kinachokuja pamoja na ulimi mzito, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, au kichwa kuuma kupita kiasi, hicho si cha chembe. Yaweza kuwa kiharusi. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Wala usichokoe sikio. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke, aliyefika hapa kwetu pamoja na Burton, aliingiwa na mdudu sikioni akiwa Ziwa Tanganyika. Akamchokoa kwa kisu kidogo. Mdudu alikufa, na sikio likawa kiziwi. Chembe zetu ziko ndani zaidi ya ngoma ya sikio. Kijiti hakizifikii, wala matone ya dawa.

Yule mzee wa Sikonge aligeuzwa mara mbili, na msimu uliofuata alirina. Bibi jirani yake naye anaendelea kuota jua mlangoni pake. Kwa hiyo, akikujia mtu akisema dunia inamzunguka, kabla hamjaulizana nani kamroga, muulize kwanza: inazunguka ukigeuza kichwa upande gani?