Mteremko wa Malori: Hotuba kwa Wahitimu wa Uhandisi wa Barabara
Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hubeba shehena za Zambia na Kongo: mafuta yakitoka bandarini, shaba ikija kupakiwa melini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori na mzigo wake kufika tani 56. Uzito huo ukishuka mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita moja tu, huzaa joto la kuchemsha lita 100 za maji. Dereva asipoingiza gia ndogo mapema, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye breki. Ngoma hutanuka, lainingi hukosa mshiko, na pedali ikikanyagwa hadi mwisho lori halishikiki. Madereva wanaoshuka mteremko wa Kitonga, kwenye barabara hiyo hiyo, wanalijua hilo vizuri.

Ajali ikitokea husemwa breki zilifeli au dereva alizembea, na faili hufungwa. Hilo ni doa la taaluma hii, na wahitimu wanastahili kuambiwa leo, mbele ya walimu wao na wazazi waliouza ng'ombe kulipa ada. Mteremko huchorwa na mhandisi. Ndiye anayeweza kujua, kabla ya dereva yeyote, ni kona ipi breki zitakapochemka.

Dawa zinajulikana: kituo cha kukagua breki mlima unapoanza kushuka, njia ya ziada kwa malori yanayopanda taratibu ili basi lisiovateki konani, na mchepuko unaopanda, uliojazwa kokoto zisizoshindiliwa, wa kunasa lori lililoshindikana. Bajeti ikibana, hivi ndivyo hukatwa kwanza. Huko Salgaa, Kenya, madereva waliteremka kwa gia huru kuokoa dizeli, na vifo vingi vilitangulia kabla ya pande mbili za barabara kutenganishwa.

Mizani nayo ni usalama. Majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960 yalizaa kanuni ya kipeo cha nne: ekseli ikizidishiwa asilimia 10, uharibifu wa lami huongezeka kwa takribani asilimia 46. Lami hukunjamana, na mifereji yake huvuta usukani wa gari dogo.

Linalosahaulika zaidi ni maegesho. Usiku, lori bovu huachwa nusu yake ikiwa barabarani, nyuma yake yamepangwa matawi ya miti, na basi huyaona likiwa limeshafika. Mpango unaokadiria malori ya miaka 20 ijayo bila kutenga pa kulala madereva haujakamilika. Maegesho, vyoo na taa vinapaswa kuwa katika michoro ile ile ya lami, ardhi ya kando ingali wazi.