Steroidi za Misuli: Presha, Homoni na Uzazi



Kwanza jina litenganishwe. Prednisolone anayopewa mgonjwa wa pumu nayo huitwa steroidi, lakini ni ya jamii nyingine na kazi yake ni kutuliza uvimbe. Mgonjwa huyo asiache dawa yake kwa sababu ya hotuba hii. Zinazozungumziwa hapa ni testosteroni na ndugu zake wa viwandani, kama nandrolone na stanozolol, zinazotumiwa kwa vidonge au sindano ili kutunisha misuli. Stanozolol ndiyo iliyomponza Ben Johnson wa Kanada mwaka 1988. Alishinda mbio za mita 100 katika Olimpiki ya Seoul, na siku chache baadaye akanyang'anywa medali.

Mtumiaji huona mkono ukijaa kwa wiki chache akadhani yote ni nyama. Sehemu yake ni maji. Dawa hizi hufanya figo zibakize chumvi na maji mwilini, na presha hupanda. Huongeza pia chembe nyekundu, damu ikawa nzito, na moyo ukalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Kuta za moyo hunenepa kama msuli mwingine wowote unaobebeshwa uzito, ila moyo mnene haujai damu vizuri kati ya pigo na pigo, na hatimaye unaweza kushindwa kazi. Kolesteroli nzuri hushuka na ile mbaya hupanda, hasa kwa wanaomeza vidonge. Vidonge hivyo huumiza ini pia.

Presha haiumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Kijana mwenye 160 kwa 100 anaweza kuinua vyuma asubuhi nzima bila kujua. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu hata kama mwenyewe ana miaka 25 na kifua kama mlango.

Sasa homoni. Ubongo hupima testosteroni iliyo kwenye damu, kama mwenye nyumba anavyochungulia tangi la maji. Ukiona imejaa kutoka nje, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Korodani husinyaa, na mbegu za kiume hupungua, pengine zikaisha kabisa. Hapa ndipo nyumba nyingi huumia. Mtoto hapatikani, mke anasemwa na mashemeji, anazungushwa kliniki hadi kwa waganga, na mume mwenye misuli hakuna anayemshuku. Kipimo cha mbegu kingemaliza ubishi huo mapema. Mbegu kwa kawaida hurudi baada ya kuacha, lakini huweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na wapo ambao hazirudi vizuri.

Sehemu ya testosteroni iliyozidi hugeuka kuwa estrojeni, homoni ya kike, na baadhi ya wanaume huota matiti ambayo huenda yakahitaji upasuaji. Kwa wanawake sauti huwa nzito, ndevu huota na hedhi hukatika. Sauti mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Ujerumani Mashariki ya zamani iliwapa wanariadha wake wasichana vidonge vya Oral-Turinabol, na wengi wakaambiwa ni vitamini. Kijana ambaye bado anakua naye anaweza kubaki mfupi, kwa kuwa mifupa hufunga kabla ya wakati.

Anayetumia sasa asione haya kufika kituo cha afya. Wahudumu wa afya ya jamii pia hupima presha nyumbani. Amwambie daktari jina la dawa, kiasi na muda alioitumia, na aje na chupa kama ipo, kwa kuwa ya magendo mara nyingi hailingani na karatasi iliyobandikwa. Siri ya mgonjwa hulindwa. Waliochangia sindano wapimwe virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B na C.

Kuacha kunahitaji msaada. Mwili hukaa miezi kadhaa ukiwa na homoni kidogo, hamu ya tendo la ndoa hupotea, na huzuni huweza kuwa nzito hadi mtu akafikiria kujiua. Wengi hurudia sindano wakati huo, si kwa tamaa ya misuli bali ili wajisikie watu tena. Familia ikimwona kijana aliyeacha jimu amejifungia chumbani, impeleke hospitali siku hiyo hiyo.