Hotuba juu ya Talaka, Malezi na Matunzo ya Watoto



Kamati imetutuma tuseme nanyi juu ya jambo ambalo wanachama wengi hutujia nalo kwa sauti ya chini mkutano ukiisha kwisha, nalo ni talaka, na watoto waachwao nyuma yake. Hatukuja kuisifu talaka. Kupatanisha mume na mke ndiyo kazi yetu ya kwanza. Walakini nyumba ikiisha kuvunjika, kutoijua sheria huwaumiza wasio na hatia. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Swali la kwanza tuulizwalo ni hili: nani awezaye kuvunja ndoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa za namna 5: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya Kiislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na Kadhi husikiliza shauri lake iwapo wote wawili ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Nyinginezo hupelekwa mahakamani, kwa sababu kama uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuharibika hata isiweze kutengenezeka. Wazee wa ukoo waweza kuwasuluhisha waliooana kimila kabla ya hakimu kukata shauri, nasi twawashukuru kwa kazi hiyo. Bali barua ya chifu si talaka, wala kufunga mizigo na kurudi kwao si talaka.

Swali la pili: watoto ni wa nani? Wako wasemao kwamba aliyetoa mahari ndiye mwenye watoto. Wako pia wasemao kwamba aliyeona uchungu wa kuzaa ndiye mwenye neno, baba anyamaze. Sheria haikubaliani na hawa wala wale. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Zamani, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, mzigo wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ulianza kwa mama. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeiondoa ile ya kwanza, na wajibu sasa ni wa wote wawili.

Basi hakimu hahesabu ng'ombe. Hutazama manufaa ya mtoto: nani amekuwa akimlea, atalala wapi, atasoma wapi, na kama yu salama. Mtoto mwenye umri wa kufahamu husikilizwa. Mtoto mdogo aghalabu huachwa kwa mama, isipokuwa pana sababu nzito ya kumwondoa.

Swali la tatu ni la matunzo, yaani chakula, mavazi, malazi, karo na matibabu. Kila mzazi hutoa kwa kadiri ya uwezo wake, mpaka mtoto atimize miaka 18. Na mahakama yaweza kuongeza muda huo kwa sababu maalum, kama vile ulemavu au masomo. Mzazi akaidiye amri ya mahakama, mali yake yaweza kukamatwa, na hata yeye mwenyewe kutiwa kifungoni.

Hapa ndipo wengi wapoteapo. Mama husema, "Asipolipa hatamwona mtoto." Baba hujibu, "Nisipomwona silipi." Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kuonana na wazazi wake ni haki ya mtoto, na kulishwa ni haki yake pia. Mtoto si rehani ya kushikwa mpaka deni lilipwe. Ndoa yaweza kuvunjika, uzazi hauvunjiki.

Kwa hiyo twawasihi: wekeni hati ya ndoa, hati za kuzaliwa za watoto, stakabadhi za karo na ujumbe wa malipo ya simu. Mkipatana, andikeni mapatano yenu na kuyapeleka mahakamani yapate nguvu. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Kiko Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973. Na wako mawakili wanawake wa FIDA Kenya, walioanza kazi mwaka 1985.

Nanyi wazee mketio katika mabaraza ya usuluhishi, tuna ombi moja. Kabla ya kuuliza mahari itarudishwaje, ulizeni kwanza mtoto atalala wapi usiku huu, na nani atakayelipa karo ya muhula ujao. Jibu likipatikana, liandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi kabla ya kuondoka.