Mashine ya Kufua na Kukausha: Tuliijaza, Ikatushinda

Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira



Tumeombwa tuwaeleze habari za mashine yetu. Wengi mmesikia kwamba kikundi chetu kilinunua mashine ya nguo, ile inayofua na kukausha ndani ya pipa moja. Mmesikia pia kwamba ilikaribia kutuvunja. Yote mawili ni kweli. Tunayasema wazi ili nyinyi msipotee pale tulipopotea sisi.

Kwanza tukumbushane shida yenyewe. Huku kwetu kufua si kazi, kazi ni kukausha. Mvua ya Gusii inapita milimita 1,500 kwa mwaka, na hata miezi tunayoiita kiangazi haikosi mawingu ya alasiri. Unaanika asubuhi, unaenda kuchuma majani chai, ukirudi nguo zimelowa kuliko ulivyoziacha. Jumatatu mtoto anavaa yunifomu mbichi. Wengine huanika jikoni, nguo zinanuka moshi. Wengine huingiza jiko la makaa chumbani usiku ili nguo zikauke. Hilo, ndugu zetu, msilifanye kamwe. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Basi tulipopata kazi ya kufua mashuka ya nyumba moja ya wageni, tuliona afadhali tununue mashine. Tuko akina mama 18. Kila mmoja alichanga, tukaongeza pesa za mzunguko, tukapata mashine iliyokwisha kutumika. Mbele yake imeandikwa: kufua kilo 8, kukausha kilo 5. Sisi tuliona ile 8 tu.

Siku ya kwanza tulishindilia mashuka mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Tukabonyeza ifue na ikaushe kwa mpigo mmoja. Tukangoja saa moja, saa mbili, saa tano. Halafu tokeni zikaisha, mashine ikanyamaza, na mlango haufunguki. Tulipoweka tokeni nyingine na kufungua, mashuka yalikuwa ya moto, mabichi, yamejikunja kama kamba. Tuliyapeleka hivyo hivyo. Mwenye nyumba ya wageni akakataa kulipa, na hatukuwa na la kumjibu. Wiki hiyo wenzetu watatu walitaka mchango wao urudishwe, na mweka hazina wetu alitoka mkutanoni akilia.

Hapo ndipo tulipomwita kijana wa mwenzetu mmoja, fundi wa stima, atusomee kitabu cha mashine ukurasa kwa ukurasa. Haya ndiyo tuliyojifunza.

La kwanza, kufua na kukausha ni kazi mbili. Nguo ikifuliwa inataka maji na kusuguana. Ikikaushwa inataka nafasi, hewa ya moto ipite kati yake. Pipa lililojaa linaweza kufua, lakini haliwezi kukausha. Kwa hiyo ukifua kilo 8, toa kwanza zile zinazozidi kilo 5. Tulipima kwa mizani ya kuning'iniza: mashuka yetu saba makavu yanakaribia kilo 5. Basi saba ndiyo mwisho. Wa nane anangoja zamu yake.

La pili, kamua sana kabla ya kukausha. Mashine ikikamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, kilo 4 za nguo za pamba hubaki na maji kama lita 2. Ikikamua kwa mizunguko 800, hubaki karibu lita 3. Na kukausha lita moja ya maji kwa moto wa stima hula karibu uniti moja. Kukamua kunakula stima kidogo sana, moto ndio unaomaliza tokeni. Kila mtu apige hesabu kwa bei anayonunulia uniti.

La tatu, msifunge mfereji. Sisi tulikuwa tunafunga maji mara tu kufua kunapokwisha, tukidhani tunaokoa tangi. Kumbe mashine nyingi za aina hii hukausha kwa kutumia maji baridi. Mvuke wa nguo unapoozwa na maji hayo, unageuka kuwa maji tena, unatoka kwenye mpira wa maji machafu. Ukifunga mfereji, mvuke unazunguka tu humo ndani na nguo hazikauki. Tena tangi liwe juu. Kitabu chetu kinataka msukumo wa baa 0.5, yaani maji yawe kama mita 5 juu ya mashine. Ukiwa unabeba maji kutoka chemchemi kwa mtungi, mashine hii bado si yako.

La nne, stima. Wakati wa kukausha mashine huvuta kama wati 2,000. Iwe na soketi yake ukutani, yenye waya wa ardhi, iliyowekwa na fundi. Waya wa kuongeza wa kuchomeka simu na redio utapata moto na kuungua.

La tano, kuna vitu visivyokaushwa kwa moto. Sweta za shule hunywea au kuharibika umbo. Koti la mvua na mto wa sponji ni hatari. Nguo yenye mafuta ya taa au mafuta ya kupikia inaweza kushika moto. Kila baada ya kazi, safisheni vumbi la nguo kwenye kichujio na kwenye mpira wa mlango.

Sasa tunafanyaje? Tunafua alfajiri, tunakamua kwa nguvu zote za mashine, halafu tunaanika kwenye kibanda chenye paa la mabati na pande wazi. Upepo ni wa bure. Zile zilizobaki na unyevu saa nane, hizo ndizo tunazorudisha kwenye mashine, saba saba, kwa muda mfupi. Mwenye nyumba ya wageni alitupa nafasi ya pili, akaturudishia kazi. Kati ya wale wenzetu watatu, wawili walibaki. Mmoja alikwenda, na pesa zake tulimlipa kidogo kidogo mpaka zikaisha.

Na usiye na mashine usiondoke mikono mitupu. Kanuni ni ile ile: toa maji kwanza, halafu ipe nguo nafasi. Watu wawili washike shuka huku na huku, wakamue mara mbili. Sweta ikunjwe ndani ya taulo kavu, ikanyagwe, ndipo ianikwe. Nguo zisilaliane kwenye kamba, na mifuko igeuzwe nje. Mabati machache na nguzo nne vitakusaidia mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe.

Mashine si mbaya, ndugu zetu. Ubaya ulikuwa kutojali kusoma, na haraka ya kutaka kurudisha pesa siku moja. Kabla kikundi chenu hakijanunua, kaeni mzungumzie maswali haya:

1. Tuna maji ya mfereji mwaka mzima, na tangi letu liko juu kiasi gani?
2. Tutapata kazi ya kilo ngapi kwa wiki, na uniti zitakula kiasi gani cha malipo?
3. Nani atasoma kitabu cha mashine mbele ya wote kabla haijawashwa?
4. Je, kibanda cha kuanikia peke yake hakitatutosha kwa sasa?