KULENGA SHABAHA YA MBALI

Natumaini kila darasa limekwisha kutulia, na mwalimu ameandika ubaoni: yadi 1000 ni mita 914.

Leo tutazungumza juu ya mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki. Huko Bisley, katika Uingereza, mashindano ya mchezo huu yalianza mwaka 1890. Tuzo kubwa huitwa Tuzo ya Mfalme, au ya Malkia, kwa kadiri ya anayetawala. Katika duru ya mwisho washindani hulala kifudifudi na kupiga kutoka yadi 900, kisha yadi 1000. Duara la katikati ya shabaha, lenye alama nyingi, lina upana wa sentimita 61 tu.

Wengi hudhani kwamba mshindi ni mwenye jicho kali. Jicho latakiwa, lakini halitoshi. Yako mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni utulivu wa mwili. Tuseme tundu la kulengea la nyuma na lile la mbele ya bunduki yameachana mita 1. Mkono ukitikisika, tundu la mbele likahama milimita 1, risasi itakosea karibu sentimita 91 kwenye yadi 1000. Ndiyo maana mpigaji hutuliza pumzi, akavuta kifyatuo polepole.

La pili ni kushuka kwa risasi. Risasi ya milimita 7.62 hutoka kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, nayo hufika baada ya sekunde moja na nusu hivi. Muda huo wote ardhi huivuta. Ikifika, imeshuka karibu mita 10 chini ya mstari wa mtutu. Kwa hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo, kwa kipimo.

La tatu ni baruti. Baruti iliyopata joto huisukuma risasi kwa nguvu zaidi, nayo hupiga juu. Basi risasi isiachwe juani, wala isikae muda mrefu ndani ya mtutu uliopata moto.

La nne, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni upepo. Upepo wa ubavuni wa kilometa 16 kwa saa, ambao hutikisa majani tu, huweza kuisukuma risasi zaidi ya mita 2 kando. Zaidi ya hayo, upepo wa hapa ulipolala si lazima uwe sawa na ule wa kule mbele. Mpigaji hutazama bendera zilizopangwa uwanjani. Hutazama pia mazigazi, yaani hewa ya moto inayochezacheza juu ya ardhi: yakielekea kushoto, upepo nao waelekea kushoto. Kisha hugeuza skurubu ya tundu la kulengea kwa kadiri aliyoihesabu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kando ya mpigaji pana daftari na kalamu. Kila akipiga, huandika: upepo ulitoka wapi, skurubu iligeuzwa mara ngapi, risasi iliangukia wapi. Kichwa husahau, lakini daftari halisahau. Upepo wa namna ile ukirudi, hufungua ukurasa akasoma jibu.

Mwaka 1930 Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata Tuzo ya Mfalme. Alimshinda aliyemfuata kwa alama 1 tu. Katika mchezo huu, mara moja ya kutoitazama bendera yatosha kupoteza alama hiyo.

Nanyi mnaojifunza kuandika, msidhani kalamu ni ya karani peke yake. Hata mpiga shabaha haendi uwanjani bila hiyo.

Maswali ya darasa:

1. Tundu la mbele likihama milimita 2, risasi itakosea sentimita ngapi?

2. Kwa nini mpigaji huandika hata risasi iliyokosa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.