Makelele si kipimo cha muziki

Ndugu msikilizaji, kila mwaka tamasha la Sauti za Busara likimalizika kule Unguja huanza tamasha la pili, nalo halina kiingilio. Hilo ni tamasha la maoni. Utalisikia ndani ya boti ya kurudi Dar es Salaam, utalisikia barazani, kwenye daladala, na hata hapa studio. Huyu atasema fulani ametia fora, mwingine atajibu kwamba fulani huyo hana lolote ila jina. Mabishano hayo mimi nayapenda. Neno langu leo ni kwamba mara nyingi tunayapima maonyesho kwa mizani isiyo yake.

Nianze kwa kujisema mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Ngome Kongwe, pale Forodhani, kuandaa taarifa za tamasha hilo. Jioni moja kilipanda jukwaani kikundi cha taarab asilia: fidla, kanuni, udi, akodiani, dumbaki, na waitikiaji nyuma. Wakafungua kwa bashrafu, ule muziki mtupu usio na maneno, kisha waimbaji wakaingia mmoja baada ya mwingine. Watu walikaa kitako, kimya. Baadaye ikapanda bendi ya vijana, umati ukasimama, mikono juu, kelele mpaka barabarani. Kesho yake nikatangaza redioni kuwa kikundi cha taarab kilipooza na kwamba vijana ndio waliouteka usiku.

Siku ileile mzee mmoja akanisimamisha Darajani. Hakunitukana. Niliitoa shikamoo, akaipokea, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulitaka tusimame twende wapi? Taarab husikilizwa. Hukuwaona waliokuwa wakienda mbele kutunza?"

Niliwaona. Akina mama waliinuka mmojammoja, kwa mwendo wa taratibu, noti mkononi, kila mmoja akingoja ubeti uliomgusa ndipo amfikie mwimbaji. Niliwaona, lakini sikuwahesabu. Mimi nilikuwa nahesabu makelele.

Hapa si suala la kuona haya tu. Neno la redio lina uzito. Wanamuziki wale walikuwa wamefanya mazoezi kwa muda mrefu, na vyombo vyao havipatikani kila duka. Mtangazaji anakuja na kalamu yake, hajui hadhira inasema nini, anawaita wamepooza. Anayetafuta kikundi cha kualika harusini au hotelini amesikia. Kijana aliyekuwa anafikiria kujifunza kanuni naye amesikia.

Kwa hiyo nasema kila muziki na mizani yake. Chukua mchiriku. Wakati kundi la Jagwa Music lilipopanda jukwaa hilo, wapo waliokicheka kile kinanda kidogo cha Casio, wakasema ni cha kuchezea watoto. Hawakujua mchiriku umetoka wapi. Ni muziki wa uswahilini, Dar es Salaam, wa kukesha uwanjani kwenye sherehe, spika zikilia mpaka alfajiri. Upime kwa kasi yake na kwa pumzi ya wapigaji. Ukiutafutia ulaini wa fidla utatoka mikono mitupu.

Au mchukue marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili, 2013. Mtu angempima kwa sauti nyororo angempa alama ndogo. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Lakini ndani yake mlikuwa na nyimbo za zama za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na mlikuwa na ngoma ya unyago, ambayo bibi huyu aliipiga kwa mikono yake mwenyewe akiwa mtu mzima sana. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, mbali na nyumbani. Huku kwetu bado walikuwapo waliouliza, "Yule bibi kizee naye ana nini?"

Sasa, je, hakuna kipimo cha wote? Kipo kimoja, nacho ni kupiga muziki papo kwa papo. Tamasha hili, lililoanza mwaka 2004, limeshika sharti la kutoimba juu ya muziki uliorekodiwa. Hapo sina msamaha. Katika majukwaa mengine tumezoea kumwona mwimbaji mwenye jina kubwa akiinua kipaza sauti huku CD ndiyo inayoimba. Akikohoa, wimbo unaendelea. Akisahau maneno, wimbo unakumbuka. Yeye kazi yake ni kupiga kelele "mikono juu!" Analipwa, na mpiga gitaa amelala nyumbani hana kazi.

Kwenye sharti la Busara mwimbaji huyo hana budi kutafuta bendi, na wengine huumbuka. Sauti inapanda isipopaswa, mpiga ngoma anachelewa, watazamaji wanacheka. Mimi siwacheki. Kosa la mtu anayepiga kweli linasahihishika kwa mazoezi, lakini CD haijifunzi kitu.

Nisieleweke kuwa kila kinachopigwa papo kwa papo ni kizuri. Zipo bendi zinazokaza nyuzi dakika kumi mbele za watu bila hata salamu. Zipo nyimbo zinazorefushwa mpaka utamu wake unaisha. Na mara nyingine kosa si la msanii bali la fundi mitambo, ameinua ngoma na kuzizamisha fidla zote. Hayo yasemwe, tena yasemwe waziwazi.

Wapo pia wanaosema tamasha hili ni la wageni, na kwamba mtu wa Ng'ambo haoni pa kupenya. Lalamiko hilo silidharau. Wakazi hutozwa kiingilio nafuu kuliko wageni, lakini nafuu kwa nani? Mwenye watoto wanne anajua hesabu yake. Hata hivyo tukumbuke mwaka 2016, ambapo tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Mgeni alipata ufukwe mwingine wa kwenda. Mpiga udi wa Unguja hakupata jukwaa jingine la namna ile, mpaka lilipofanyika tena mwaka 2017. Tudai liwe karibu zaidi na wenyeji, lakini tusishangilie likianguka.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza si noti peke yake. Mtu akikaa kimya akasikiliza mpaka akajua anachopigiwa, naye ametunza. Ukirudi na boti mwakani, bishana upendavyo, ila kwanza jiulize muziki ule ulitengenezwa kufanya kazi gani, na kama aliyesimama pale aliifanya.

Mimi wiki iliyofuata nilirudi hewani nikajisahihisha. Sikupata kumwona tena yule mzee wa Darajani. Kama ananisikiliza leo, namwambia: shikamoo mzee, nilikuelewa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.